Barabara Niliyomchorea Mkwe

SEHEMU YA SITA

Wiki iliyopita niliwaacha mahali pabaya. Nilikuwa nimekaa ndani ya teksi yangu mjini Bukoba, simu sikioni, na Maulida, binti ninayetaka kumuoa, alikuwa ameniambia kwamba barabara inayomnyima baba yake usingizi imepita katikati ya kibanja chao, shamba la migomba linaloizunguka nyumba yao, kule Kagoma.

Kwa mliokosa gazeti nitarudia kwa ufupi. Aibu yangu haichuji hata ikisimuliwa mara mbili.

Mimi ni Yunus wa Nshambya, dereva wa teksi. Bila kutumwa na mtu wala kulipwa, nachora barabara kwenye Njia Yetu, ile ramani ya simu ambayo madereva wenyewe ndio wanaoijaza. Ukipita mahali simu yako ikiwa imewashwa, inaacha alama. Sisi wahariri tunaikuta ile alama, tunaigeuza barabara, tunaipa jina. Madereva wa Bukoba na Muleba wananiita Bwana Ramani. Jina hilo nililipenda kuliko nilivyopenda chakula.

Masika haya alizikwa Bi Anatolia huko Kagoma, nami nikakodiwa kupeleka waombolezaji. Kalavati ya barabara ya kijiji ilikuwa imechukuliwa na maji, gari la maiti likakwama. Jirani mmoja, ambaye hata sura yake sikuiona, akashika panga akafyeka migomba yake mwenyewe na mibuni yake ili marehemu afike kwake. Kwetu mtu huzikwa kwenye kibanja chake, na ukimzuilia jirani njia siku ya namna hiyo, hata wajukuu wako watasimuliwa.

Msafara mzima ukapita pale. Simu yangu ilikuwa imewashwa, na za wenzangu pia.

Nilipofika nyumbani nikaukuta mstari mzuri ajabu, umenyooka, umethibitishwa na magari kibao. Nikaugeuza barabara. Nikauita Njia ya Mkato Kagoma. Kisha nikaufunga kwa kufuli ya mhariri mkuu, ili wasio na adabu wasiuchezee.

Mtu alimpa jirani yake ruhusa ya siku moja, mimi nikaigawa kwa kila mwenye usukani. Na mtu huyo ni Mzee Hussein Rugaibula, baba yake Maulida. Ningemjuaje? Mposaji hazururi nyumbani kwa binti kabla wazee hawajafika.

Sasa tuendelee.

"Yunus, unanisikia?" Maulida aliuliza kwenye simu.

"Nakusikia."

"Malori ya ndizi yanapita mlangoni kwetu. Moja limekanyaga kaburi la mama, limevunja ukingo."

Bi Mwajuma, mama yake, sikuwahi kumwona, alifariki kabla sijamjua binti yake, lakini Maulida humtaja kila anapoinjika chungu. Niliumia. Naomba mniamini hapo, hata kama mengine yote mtayacheka.

"Baba anamtafuta mtu aliyeiweka hiyo barabara," akaendelea.

"Akimpata atamfanya nini?"

"Hajasema. Ndiyo maana naogopa. Baba akipiga kelele yameisha. Akinyamaza ujue bado."

"Mmewaandikia hao watu wa ramani?"

"Nimeandika mimi, kwa simu ya baba, tena si mara moja. Kuna mjinga mmoja anayejibu. Ana kiburi huyo! Wewe si unaijua mitambo hiyo? Tutafutie jina lake."

Ningependa kuwaambia kwamba nilikiri papo hapo. Nilichosema ni kwamba mtandao unakatika, nikakata.

Nikafungua malalamiko. Yalikuwepo yote, yametoka kwa mtu aliyejiita Mwenye Kibanja. La kwanza liliandikwa kwa upole: "Tunaomba mfute, hapa si barabara, ni nyumbani kwa watu." Chini yake pana jibu langu, nililiandika nikiwa nasubiri abiria, na nakumbuka nilicheka peke yangu nilipolituma: "Ndugu mlalamikaji, barabara haifutwi kwa ajili ya migomba. Soma kanuni."

Siku hiyo sikucheka.

Nikabonyeza kufuta. Simu ikanijibu kwamba barabara hii imefungwa na mhariri mkuu. Mhariri mkuu ni mimi! Lakini kanuni, tena kanuni niliyoipigania mwenyewe kwenye kikundi chetu mpaka watu wakanichoka, inasema aliyefunga hafungui peke yake. Lazima mhariri mkuu mwingine akubali. Mwingine Kagera nzima ni Mwalimu Rutashobya wa Kanazi. Mwaka jana nilimwita, mbele ya kikundi chote, mchora vichochoro.

Nikampigia.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba, Bwana Ramani. Umepotea njia leo?"

"Kuna barabara Kagoma, naomba tuifute."

"Ina kosa gani?"

"Si barabara. Ni kibanja cha mtu."

"Nani aliichora?"

Nikakohoa. "Mhariri."

"Ahaa, mhariri." Nilisikia akifurahi. "Naiona hapa. Imethibitishwa mno. Hata leo asubuhi limepita lori."

"Malori yanapita kwa sababu ramani imeyaambia, Mwalimu."

"Na ramani imeambiwa na malori. Mimi na wewe ni nani tuyabishie magari? Maneno hayo si yako?"

"Ni yangu."

"Basi soma kanuni, ndugu. Niletee picha ya mahali penyewe. Nikiona hakuna barabara, nafuta mara moja."

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nilikuwa nimekichimba, nimekijengea na ngazi ya kushukia.

Posa ilikuwa Jumamosi. Msemaji wetu alikuwa Baba Mdogo Muksini, mtu anayeweza kumuuzia mvuvi samaki, na pamoja naye shangazi yangu Rahima. Kwa kawaida mwenye kuposa hukaa nyumbani akila kucha. Lakini gari tulilokuwa tumeahidiwa likaharibika asubuhi ile ile, ikabidi niwapeleke mimi.

"Utakuwa dereva tu," Baba Mdogo akaniambia. "Dereva hana masikio wala mdomo. Utakaa nje."

Nikakubali kwa furaha. Kule nje ndiko nilikokuwa nakutaka, nikapige picha ya Mwalimu Rutashobya.

Tulipoacha lami, simu iliyokuwa mkononi mwa Baba Mdogo ikasema kwa ile sauti yake ya kike isiyochoka: "Pinda kulia, ingia Njia ya Mkato Kagoma."

"Kulia," akasema Baba Mdogo.

"Tunakwenda moja kwa moja."

"Ramani imesema kulia. Si ramani yako hii?"

"Imekosea."

"Imekosea? Miaka yote unatuchosha kwenye futari kwamba haikosei, leo siku ya posa yako ndiyo imekosea?"

"Baba Mdogo, nakuomba. Si kulia."

Tukaenda moja kwa moja mpaka kwenye kalavati, ambayo ilikuwa bado inasubiri watengenezaji. Nikazima gari.

"Tushuke, tutembee."

Shangazi Rahima akatazama matope, akatazama viatu vyake vipya, akanitazama mimi. "Yunus, unaposa au unatuadhibu?"

Nikabeba zawadi zote kichwani na mabegani. Tukavuka juu ya mbao, tukapanda kilima. Baba Mdogo alinitukana njia nzima, na alipoishiwa Kiswahili akaendelea kwa Kihaya.

Mzee Hussein alikuwa amesimama mlangoni, mtu mrefu mwenye kofia nyeupe na fimbo. Alituona tunavyohema.

"Asalaam aleikum," Baba Mdogo akasema.

"Waaleikum salaam. Gari lenu liko wapi?"

"Tumeliacha kwenye kalavati, mzee wetu."

"Kwa nini hamkupita hapa, kama wanavyopita wote?" Akaonyesha kwa fimbo.

Nilifumba macho. Baba Mdogo alijua jambo moja tu, kwamba kijana wake kichaa amekataa kupinda kulia. Lakini msemaji ni msemaji.

"Waitu," akaanza kwa neno la heshima la Kihaya, akiinamisha kichwa, "mwenye adabu hapiti kwenye kibanja cha mtu kabla hajabisha hodi."

Mzee Hussein akaishusha fimbo. Kisha akampa mkono, akaushika kwa muda mrefu.

"Tangu nilipomzika jirani yangu Anatolia," akasema, "ninyi ndio wa kwanza kufika hapa kwa miguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Karibuni ndani."

Dhambi yangu ilikuwa imetuvika joho la heshima. Nikabaki nje, dereva asiye na masikio, nikatoa simu nipige picha.

Sasa sikilizeni jambo lenyewe. Nilikuwa nimekuja kuthibitisha kwamba pale hapana barabara, na barabara ilikuwepo. Tena barabara ya kweli! Malori yalikuwa yameshindilia udongo mpaka ukang'aa. Kulikuwa na mahali pa kupishana. Mtu fulani alikuwa ameweka hata mawe kwenye kona ili wenzake wasiteleze. Ilikuwa nzuri kuliko ile ya kijiji. Kama mimi ningekuwa Rutashobya, ningeithibitisha.

Pembeni yake kulikuwa na migomba iliyolala, na mibuni iliyovunjika ikiwa bado na kahawa mbichi. Na pale inapopinda, kaburi la Bi Mwajuma. Tairi lilikuwa limebomoa ukingo upande wa miguuni, matofali yametawanyika kwenye matope.

Nikaweka simu mfukoni. Nikapiga magoti, nikaanza kukusanya yale matofali na kuyapanga upya. Hakuna aliyeniambia. Sikuwa na la kumwambia marehemu zaidi ya samahani, na nililisema, tena kwa sauti.

Ndani walinisikia.

"Dereva wenu yule ni nani?" sauti ya Mzee Hussein ikatoka dirishani.

Baba Mdogo akaona upenyo. "Mzee wetu, kwa kweli huyo si dereva. Huyo ndiye kijana mwenyewe."

"Anayemposa Maulida?"

"Ndiye. Tumemleta kama dereva kwa shida ya usafiri."

"Anatengeneza kaburi la mke wangu," mzee akasema, na sauti yake ikawa nyingine. "Mwiteni aingie."

Nikaingia na magoti yenye matope. Maulida alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani ameshika sinia, macho yamemjaa machozi, ananitazama namna ambayo sikuwahi kutazamwa na mtu. Nilijiona mwizi wa kuku anayepewa zawadi ya ulinzi bora.

"Kaa hapa karibu," mzee akaniambia. "Mzee wako anasema una ujuzi wa haya mambo ya ramani za simu."

"Ujuzi?" Baba Mdogo akadakia. "Mkoa huu hakuna wa kumfikia! Hakuna barabara inayoingia kwenye ramani ile bila yeye kujua."

Kama macho yangeua, Baba Mdogo angezikwa palepale Kagoma.

"Alhamdulillahi," mzee akasema. "Basi nisikilizeni. Mahari tutazungumza, hayo hayatatushinda. Mimi nina ombi moja. Nilikata migomba yangu ili jirani afike kaburini kwake kwa heshima. Mtu mmoja, simjui, amechukua wema wangu akaufanya barabara, na barabara hiyo imemkanyaga mke wangu. Nataka mtu huyo aletwe asimame pale kaburini. Nina swali moja la kumuuliza. Kijana, utamleta?"

"Atamleta!" akasema Baba Mdogo.

"Hata kesho!" akasema Shangazi Rahima, aliyekuwa bado anakwangua matope kwenye viatu.

Mzee akavuta kikapu kidogo kilichosukwa, akakifungua. Ndani mlikuwa na kahawa za kutafuna, zile zilizochemshwa na majani kisha zikakaushwa. Mgeni yeyote Uhayani hupewa kahawa. Lakini kahawa anayokuchagulia mwenye nyumba, akakutia mkononi baada ya neno, si ya ugeni tena. Ukiitafuna umeahidi, na wazee wetu hawakuwa na kiapo kilichoizidi.

Akanitia kahawa kiganjani. "Tafuna."

Naapa nilitaka kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini nilipoinua macho, Maulida alinitabasamia, tabasamu dogo la mtu aliyekuwa na hofu muda mrefu na sasa imemwisha. Nani angeweza kulivunja tabasamu lile? Labda mwanamume. Mimi nilitia kahawa mdomoni.

"Nitamleta, tata," nikasema, nikimwita baba kwa Kihaya, na nikaanza kutafuna.

Shangazi akapiga kigelegele. Mzee akacheka. Maulida akainamisha uso kwa haya. Kwa muda mfupi, ndugu zangu, nilikuwa mkwe wa Mzee Hussein Rugaibula.

Kisha honi ikalia.

Mzee alisimama akachukua fimbo, sote tukamfuata nje. Lori lililojaa mikungu ya ndizi lilikuwa linakuja taratibu kwenye Njia ya Mkato Kagoma, likasimama hatua chache kutoka kaburini. Dereva akateremka, kijana mnene mwenye uso wa bashasha.

"Shikamoo, mzee. Samahani sana, naitwa Mugisha. Ramani ndiyo imenileta."

"Wote mnasema hivyo," mzee akamjibu. "Nani aliyeiweka huko kwenye ramani?"

"Jina lake halisi silijui, mzee. Namjua kwa picha tu, yuko kwenye kikundi chetu cha madereva. Ni mtu wa Bukoba, ana..."

Nikajisogeza nyuma ya Shangazi Rahima. Shangazi ni mwembamba.

"Bwana Ramani!"

Mugisha alikuja mbio amenyoosha mikono yote miwili, akanishika, akanitikisa mpaka kofia ikanidondoka.

"Mzee, kumbe unaye nyumbani kwako! Huyu hapa! Huyu mtu ametuokoa, Mungu amzidishie. Bila njia hii yake tungezunguka mpaka ndizi ziivie kwenye lori. Bwana Ramani, nimetamani sana siku nikuone nikushukuru mbele za watu."

Nami siku zote nilitamani dereva anishukuru mbele za watu. Dua zangu hujibiwa, ila sichagui mahali.

"Amekufananisha," Shangazi Rahima akasema haraka. "Yunus, si amekufananisha?"

Baba Mdogo Muksini, mtu wa maneno, akawa anaukagua mgomba mmoja uliolala kama vile ametumwa kuununua.

"Yunus," Maulida akaita.

"Naam."

"Ndugu mlalamikaji." Alisema polepole, neno moja moja. Alikuwa ameyashika yote. "Barabara haifutwi kwa ajili ya migomba. Soma kanuni."

Nikafungua mdomo. Hakikutoka kitu ila harufu ya kahawa.

"Niliyaandika yale malalamiko nikiwa nimekaa hapa," akasema, akionyesha kaburi. "Hapa pembeni ya mama. Nililia, Yunus. Na nikakupigia wewe simu nikakueleza."

Mugisha akaniachia mikono. Alianza kuelewa kwamba shukrani zake zimefika nyumba isiyo yake, akarudi kwenye lori akajifungia ndani.

Mzee Hussein hakupiga kelele. Mtakumbuka Maulida alivyoniambia juu ya kunyamaza kwa baba yake. Alikaa kimya mpaka kuku wa uani nao wakaonekana wanasubiri. Kisha akanitazama magoti yangu yenye matope, akayatazama matofali niliyoyapanga, akanitazama mdomo.

"Umekula kahawa yangu," akasema.

"Ndiyo, tata."

"Uliahidi utamleta mtu huyo asimame kaburini."

"Niliahidi."

"Basi mlete."

Kahawa nilikuwa bado sijaimaliza. Nikaimeza hivyo hivyo, na uchungu wake wote, nikaanza kutembea kuelekea kwenye kaburi la Bi Mwajuma. Baba Mdogo hakunyanyua mguu. Shangazi hakunyanyua mguu. Nyuma yangu nilisikia kandambili za Maulida zikinifuata kwenye ile barabara niliyoichora, na sikuthubutu kugeuka nione anakuja kusimama upande wa nani.